Kupiga Msasa na Kung'arisha Tufe la Bolingi ili Kurekebisha Mwendo Wake Njiani

Mchezaji akiona tufe lake linapinda mapema mno, au linachelewa hadi linapita kando ya pini alizozilenga, wazo la kwanza linalomjia ni kununua tufe jingine. Kabla ya kutoa fedha, inafaa aangalie ganda la hilo alilo nalo. USBC, chombo kinachosimamia mchezo huu Marekani, kiliwahi kufanya utafiti mrefu juu ya mwendo wa matufe, na katika mambo yote yaliyopimwa, ukwaruzo mdogo sana wa uso wa tufe, ule usioonekana vizuri kwa macho, ndio uliokuwa juu kabisa kwa nguvu ya kuubadilisha mwendo huo. Kiini kilicho ndani na mahali palipotobolewa matundu ya vidole vina kazi yake, lakini hivyo huwezi kuvigusa jioni moja. Ganda unaweza.

Njia ya bolingi ina urefu wa mita 18.29 kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya mbele. Mafuta hupakwa kuanzia upande wa mchezaji, na mara nyingi huishia mahali fulani karibu na mita 12, kisha sehemu iliyobaki hadi kwenye pini huachwa kavu. Tufe likiwa kwenye mafuta huteleza, likianza kushika sakafu hupinda, na mwishoni hubingirika tu bila kuendelea kupinda. Hatua hizo tatu zipo katika kila mrusho mzuri; unachokibadilisha kwa msasa ni mahali ambapo moja inaisha na nyingine kuanza. Ganda lililokwaruzwa lina vilele vidogo vinavyopenya tabaka la mafuta na kuigusa sakafu yenyewe, hivyo msuguano huanza mapema na tufe hupinda polepole kwa mkunjo mrefu. Ganda lililong'arishwa huelea juu ya mafuta, hutunza nguvu zake, kisha hupinda kwa ghafla linapokutana na sehemu kavu.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kuamini kwamba kung'arisha tufe ni kulipunguzia kupinda na kupiga msasa ni kuliongezea. Msasa huongeza mshiko wa mapema, na huo si sawa na kuongeza nguvu ya mwisho. Kwenye njia yenye mafuta machache, tufe lililokwaruzwa sana litaanza kubingirika likiwa bado mbali na pini, nalo litafika limeishiwa nguvu, lipige pembeni na kusukumwa na pini badala ya kuzisukuma. Kwa mchezaji wa mkono wa kulia, dalili inayojulikana sana ni pini ya 10, ile ya kona ya nyuma kulia, kubaki imesimama huku pini ya 6, iliyo mbele yake, ikilala kwa ulegevu mferejini kando yake. Mchezaji wa namna hiyo akizidisha msasa kwa kudhani tufe halipindi vya kutosha, tatizo litakua. Anachohitaji ni msasa wa namba laini zaidi, au polishi kidogo.

Kinyume chake pia hutokea. Tufe likiteleza hadi mwisho bila kupinda, au likiwa halitabiriki, mara linapinda mno likigusa pakavu na mara linakataa kabisa likigusa mafuta kidogo, huo ni uso uliong'aa kupita kiasi kwa hali ya njia hiyo. Kulipunguzia mng'ao hulifanya lianze kushika njia mapema, na tofauti kati ya mrusho mmoja na mwingine hupungua.

Si kila ganda linastahili kazi hii kwa kiwango kimoja. Tufe la poliesta, ambalo wengi hulitumia kuangushia pini zilizobaki kwa sababu huenda karibu moja kwa moja, liachwe liking'aa. Yurethani hushika mapema na kupinda kwa utaratibu, na kwa kawaida hufaa zaidi ikiwa na uso wa msasa kuliko wa kung'aa. Rezini, iliyoenea tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, ndiyo inayoitikia msasa kuliko zote, na pia ndiyo inayonyonya mafuta kupitia vinyweleo vyake, kwa hiyo maelezo yanayofuata yanaihusu hiyo hasa.

Vifaa

Pedi zinazotumika zaidi ni zile zenye sponji nyuma ya msasa, kama Abralon zinazotengenezwa na kampuni ya Mirka ya Ufini, kwa sababu sponji huifuata duara ya tufe bila kuacha kingo za msasa zikichimba. Namba zake za kawaida ni 360, 500, 1000, 2000, 3000 na 4000. Namba ikiwa ndogo, mikwaruzo huwa mikubwa. Msasa wa maji wa kawaida unaweza kufaa, ila usichanganye aina mbili katika kazi moja, maana namba zinazolingana za watengenezaji tofauti hazitoi mikwaruzo inayolingana. Uwe pia na chupa ya kupulizia maji, taulo mbili au tatu safi, glavu, dawa ya kusafishia matufe au alkoholi ya isopropili, na polishi iliyotengenezwa kwa ajili ya matufe ya bolingi. Polishi ya gari iache. Asetoni usiikaribishe kabisa, kwa sababu hulainisha ganda.

Mashine ya kuzungusha tufe huifanya kazi iwe ya haraka na ya kulingana, lakini haihitajiki ili kuanza. Ukitumia mkono, liweke tufe juu ya pete au kikombe kipana kisichotikisika, na usugue kwa miduara midogo inayopishana, kisha kwa mistari inayokatana, ukihakikisha umegusa kila sehemu. Kazi ya mkono huacha mikwaruzo isiyo na mwelekeo mmoja, jambo ambalo si baya hata kidogo.

Usafi kwanza

Hatua inayorukwa zaidi ndiyo inayoharibu kazi zaidi. Ukipiga msasa juu ya mafuta, pedi huziba, huteleza badala ya kukata, na uchafu husukumwa ndani ya vinyweleo. Lifute tufe lote kwa dawa, ukibadilisha upande wa taulo, hadi taulo litoke bila alama ya kijivu. Tufe la rezini lililochezewa michezo mingi huwa na mafuta ndani ambayo kufuta hakuyatoi. Hilo liogeshwe kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, matundu ya vidole yakiwa yamezibwa kwa utepe usiopitisha maji, kisha likaushwe vizuri. Maji yasiwe ya moto, na tufe lisiwekwe kwenye oveni wala juani, kwa kuwa ganda na kiini hutanuka kwa viwango tofauti na tufe linaweza kupasuka.

Kupiga msasa

Amua kwanza unataka kufika wapi. Mimi humshauri mtu asiye na hakika aanzie na 2000 kwa rezini, kwa sababu ni mahali pa katikati ambapo unaweza kwenda pande zote mbili bila kuliondoa ganda kwa wingi. Ikiwa tufe lina mkanda wa mikwaruzo pale linapobingirikia, anza na 500 ili kuusawazisha uso wote, kisha panda hadi namba unayoitaka. Ikiwa uso ni mzuri na umechoka tu, tumia namba yake ya mwisho moja kwa moja.

Kwenye mashine, weka matundu ya vidole yakitazama juu. Lowesha tufe na pedi, washa mashine, tandaza kiganja juu ya pedi ili shinikizo lienee, halafu isogeze pedi polepole kutoka kileleni hadi kwenye mkanda wa katikati, na kuirudisha. Nusu dakika kwa upande mmoja inatosha katika hali nyingi. Lililo muhimu ni kwamba pande zote zipate muda uleule na uzito uleule wa mkono, hivyo tumia saa wala usikisie. Geuza tufe juu chini na urudie. Kisha ligeuze robo mzunguko, ili ule uliokuwa mkanda wa katikati uwe kileleni, ufanye upande huo na ulio mkabala nao. Hizo ni pande nne. Ukiongeza mbili zilizobaki unapata sita, na kwa namba ya kwanza, ile inayosawazisha, napendelea sita kila mara.

Simama baada ya upande wa kwanza wa namba 500 ulitazame tufe kwa mwanga unaotoka ubavuni. Utaona uso umefifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi, na ndani yake mistari myembamba iliyojipanga kuzunguka kilele, yote ikielekea upande mmoja. Ukiligeuza robo mzunguko na kupiga tena, mistari mipya huikata ile ya kwanza, na uso huanza kufanana popote unapoutazama. Pakibaki doa linalong'aa, mara nyingi kandokando ya matundu au juu ya ule mkanda wa zamani, pedi haijafika hapo, na namba inayofuata haitakusaidia kulifikia. Angalia pia tope linalotoka: likiwa na rangi ya ganda, pedi inakata sawasawa, likiwa jeusi na lenye utelezi wa mafuta, rudi kwenye usafi.

Baada ya kila namba, lisuuze tufe na ulifute kabisa, kwa sababu chembe moja ya msasa wa 500 iliyobaki itachora mistari mirefu chini ya pedi ya 2000. Kuhusu kupanda kwa namba kuna jambo la kuzingatia. Tufe lililopita 500, 1000 na 2000 si sawa na lililotoka 500 likaenda 2000 moja kwa moja, ingawa yote mawili yataitwa ya 2000. La pili bado lina mabonde marefu ya 500 yaliyonyolewa vilele tu, na hushika mapema kuliko mwenzake. Wengine hulifanya hili kwa makusudi, na ni mbinu nzuri, mradi ujue kwamba umeifanya.

Polishi

Polishi haifuti kilicho chini yake. Tufe lenye msingi wa 500 na polishi juu huteleza vizuri mwanzoni, kisha hushika kwa nguvu linapofika pakavu. Lenye msingi wa 3000 na polishi ileile huchelewa zaidi na huhitaji pakavu pa kutosha ili ligeuke. Kwa hiyo maliza msasa kwanza, suuza, kausha, ndipo uweke polishi. Tone chache zinatosha kwa upande mmoja. Zisambaze kwa kitambaa safi bila kukandamiza, kisha ongeza shinikizo kidogo kidogo mpaka polishi ikauke na mng'ao ujitokeze. Zipo polishi zenye viambato vya kuongeza utelezi na zipo zisizo navyo; za kwanza hurefusha safari ya tufe zaidi, hivyo soma kibandiko. Ukiona umezidisha, pedi ya 4000 au 3000 yenye maji, kwa mkono mwepesi, itaondoa mng'ao bila kuharibu msingi.

Kupima matokeo

Rusha tufe kwa mstari uleule na kasi ileile uliyoizoea, na usibadilishe kitu kingine siku hiyo. Tazama ni wapi njiani linapoanza kupinda, si pini ngapi zimeanguka. Kumbuka kwamba sakafu nayo hulipiga tufe msasa wake: vilele vipya huanza kusagika tangu mrusho wa kwanza, na namba za chini huchakaa haraka kuliko za juu, kiasi kwamba tufe lililotoka kwenye 1000 leo halitakuwa na uso huo baada ya michezo kadhaa. Ndiyo maana kulinganisha tufe lililopigwa msasa asubuhi na kumbukumbu ya lilivyokuwa limechakaa hakuelezi lolote kuhusu namba uliyochagua. Andika kwenye daftari namba ulizopitia, idadi ya pande, muda, hali ya pedi na michezo iliyochezwa tangu hapo.

Kanuni

Chini ya kanuni za USBC, uso hautakiwi kubadilishwa kwa msasa mashindano yakishaanza, na mabadiliko yoyote lazima yalienee tufe zima. Huwezi kukwaruza mkanda mmoja na kuacha sehemu nyingine. Tangu 2019 hata dawa za maji za kusafishia haziruhusiwi katikati ya shindano, bali taulo kavu tu. Kipenyo cha tufe hakipaswi kushuka chini ya sentimita 21.59, jambo ambalo msasa wa kawaida hauwezi kulileta kwa haraka, ila usawazishaji wa 360 unaorudiwa mara kwa mara hupunguza ganda. Ugumu wa ganda nao una kiwango cha chini, 72 kwa kipimo cha ugumu kiitwacho durometa D. Sharti la ugumu lilitokana na enzi ambapo wachezaji waliyalowesha matufe kwenye viyeyusho ili yalainike. Don McCune alitumia mbinu hiyo mwaka 1973 na akawa Mchezaji Bora wa Mwaka wa PBA, chama cha wachezaji wa kulipwa wa bolingi Marekani. Viyeyusho hivyo huwaka moto kwa urahisi na mvuke wake ni hatari, kwa hiyo asiwepo wa kuyarudia.

Ukimaliza, suuza pedi chini ya maji yanayotiririka, zikamue bila kuzikunja, uzianike kivulini. Pedi mpya hukata kwa ukali zaidi kuliko namba yake inavyoahidi, na ile iliyochakaa hutoa uso laini zaidi, hivyo iandike kila pedi nyuma yake idadi ya matufe iliyoyahudumia. Mpya za namba za juu mimi huzivunja makali kwanza kwenye tufe la zamani nisilolitumia tena.