Mbegu ya muti wako ilitoka wapi? Uliza mbele ya kulipa

Bandugu na bamama wenye mashamba Kabare, Walungu na huku Bukavu, mvua ya mwezi wa tisa ikikaribia kila mutu anakimbilia pepinyeri (kwenye banakomesha miche) kuuliza bei ya muche, lakini ni wangapi banauliza mbegu ilichumwa wapi? Mimi ile ndiyo ningeuliza kwanza, juu muti wa mbao unapanda leo utaukata kiisha miaka 20 ao 30, na joto ya wakati ule itapita ya leo.

Milima yetu inatusaidia hapa. Bukavu iko karibu mita 1500 juu ya bahari, na ukishuka mita 100 joto inaongezeka nusu digri na kidogo, kwa hiyo muti wenye ulikomalia mita 1300 umeshazoea joto yenye inatukujia. Basi changanya: mbegu nyingi za karibu, zenye zinajua udongo na baridi ya huku, na kidogo za chini. Usiende kubeba zote kwenye bonde la Ruzizi, ni chini sana na kukavu, miche inaweza kushindwa na baridi ya milima.

Kosa yenye inaniumiza sana ni kuchuma mbegu zote kwenye muti moja juu uko karibu na njia. Muti wa peke yake mara nyingi unajizalisha wenyewe, watoto wanatoka wazaifu, na wote ni ndugu, ugonjwa ukipata moja unapata wote. Tafuta miti 30 hivi, yenye afya, iachane mita 50 ao zaidi. Ni kazi, najua, lakini majirani bakigawana kila mutu miti yake tano inaisha asubuhi moja.

Na tusipande kaliptusi peke yake. Iweke mbali na chemchemi, inakunywa maji mingi. Grevilea, ile ya Australia, inakaa vizuri kwenye mipaka ya maharagi na migomba. Markamia ni ya kwetu, ukiikata inachipuka tena. Juu zaidi kwenye baridi weka muti wa prunusi afrikana, lakini mbegu yake usiikaushe kama maharagi wala kuichunga miezi, itakufa: toa nyama ya tunda, panda ndani ya siku chache.

Kwa kila mufuko ya mbegu andika mulima, mita juu ya bahari (telefone inaonyesha), tarehe na hesabu ya miti yenye ulichuma.