Somo: Kumfundisha keshia mpya kabla ya kumwachia tili (droo ya pesa)

Kila mwisho wa mwezi swali la wenye maduka kwenye kikundi chetu ni lilelile: "Nimeajiri keshia mwenye cheti, mbona tili haibalansi?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

1. Mpime kwanza. Mpe bidhaa 20 na noti ya 1,000, uandike muda na makosa. Akichelewa kutafuta barkodi, hilo litaisha kwa siku mbili za mazoezi. Akikosea chenji, anza na chenji.

2. Sare, zamu, mahali pa kuweka simu yake. Saa moja yatosha.

3. Siku 2 kwenye rafu kabla ya kaunta. Bidhaa inayokaribia kuharibika ikae mbele, mpya nyuma. Maziwa na mkate yakaguliwe kila asubuhi. Huko ndiko bei zinakomwingia kichwani.

4. Floti, yaani pesa za chenji za kuanzia zamu, mhesabu pamoja, mtie sahihi wote wawili. 3,000 hutosha: noti za 100 ziwe 15, za 50 ziwe 20, sarafu za 20 ziwe 15, za 10 ziwe 15, za 5 ziwe 10.

5. M-Pesa. Someni hapa polepole, kwa sababu mimi mwenyewe nilifundisha vibaya: nilimwambia keshia asome ujumbe kwenye simu ya mteja. USIFANYE HIVYO. Ujumbe huo waweza kuwa wa kughushi, waweza kuwa wa jana, au ni wa kweli kabisa lakini mteja alikosea tarakimu moja na pesa zikaenda kwa namba ya tili (namba ya kulipia ya M-Pesa) ya mtu mwingine. Keshia aangalie simu au mashine ya duka pekee: kiasi, jina, msimbo wa muamala, saa. Kabla mteja hajatuma, amtajie namba ya tili ya duka kwa sauti. Mtandao ukichelewa, bidhaa zibaki kaunta, mauzo yasimamishwe kwa muda kwenye mashine bila kufutwa, anayefuata ahudumiwe. Wengi hawafundishwi kusimamisha mauzo, kwa hiyo hufuta na kupiga upya, na jioni hesabu haieleweki. Zoezi: lipa shilingi 10 kwenye namba ya tili ya duka mara tano, mara ya sita mwonyeshe ujumbe wa zamani foleni ikiwa ndefu. Akiupitisha, bado hajaiva.

6. Kufuta mauzo ni kwa msimamizi. Nywila yake isigawiwe.

7. Kufunga: keshia ahesabu na kuandika pesa zake kabla ya kuonyeshwa jumla ya mashine. Akiiona kwanza, atahesabu mpaka zilingane.

MASWALI

Mwanachama, Kayole: Sijasoma yote. Keshia wangu anapoteza pesa, nifanye nini haraka?
Jibu: Soma hatua ya 4. Floti mlihesabu pamoja?
Kayole: Hapana, namwachia tu kwenye droo.
Jibu: Basi hujui kama amepoteza chochote.

Mwanachama, Umoja: Naweza kukata upungufu kwenye mshahara?
Jibu: Swali zuri, dada. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 19, inaruhusu ikiwa upungufu umetokana na uzembe au wizi wake, na mkataba unasema wazi kwamba amekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa pesa. Makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Lakini droo ikiguswa na watu wawili, utathibitisha uzembe wa nani?

Umoja: Ninao wawili na droo moja kweli. Sasa?
Jibu: Nunua trei ya pili ya pesa, kila mmoja awe na yake na nywila yake. Anayetoka huondoka na trei, anayeingia huleta yake. Mkihesabu katikati ya zamu, fanyeni saa nane mchana foleni ikiwa imepungua, si saa kumi na mbili jioni.

Mwanachama, Kasarani: Mkuu, ile ada ya NITA (mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwanda) ya shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, inanisaidia chochote?
Jibu: Ndiyo, mwajiri anayelipa anaweza kudai kurudishiwa gharama za mafunzo. Omba idhini kabla mafunzo hayajaanza, na weka risiti na orodha ya waliohudhuria.

Mwanachama, Githurai: Sarafu mnatoa wapi? Wateja wamechoka kupewa peremende badala ya chenji.
Jibu: Wana haki ya kuchoka.
Kasarani: Ongea na makondakta stejini jioni. Wanabeba sarafu nyingi na wanataka noti. Hesabuni palepale, wote mkiona.