Kwenye rada, weusi nyuma ya wekundu sio njia

Wadogo zangu mnaoanza kurusha Caravan, hizi ndege ndogo za injini moja, za Zanzibar na Mafia, naombeni tuelewane kuhusu hiyo skrini ya rada ya mvua ndani ya ndege, maana naona wengi mnasoma rangi tu. Rada haioni upepo, inaona matone ya maji, inatuma mawimbi yakigonga matone yanarudi, yakirudi mengi inapaka nyekundu, machache inapaka kijani. Ndo maana mvua ya mawe makavu inaweza ikatokea kama manyunyu tu, na ukungu wa alfajiri hauonekani kabisa.

Masika iliyopita tumetoka Dar kwenda Mafia, mbele kuna doa jekundu limejiviringa, nyuma yake peusi tii. Kijana niliyekuwa naye akasema kaka, tukilipenya hilo tunatokea pazuri. Nikamwambia subiri, tukazunguka mbali upande wa baharini, tulivyofika usawa wa ubavu wake pale palipokuwa peusi pakawaka nyekundu tupu! Mvua ya mbele ilikuwa imemeza mawimbi yote, mvua ya nyuma rada haikuiona.

Namna ya kushtukia: ukiwa juu ya nchi kavu inamisha antena taratibu mpaka ardhi ianze kutokea kwenye skrini. Kama nyuma ya mvua ardhi imekatika hapo pana kivuli, yani rada haipaoni, usipaguse. Bahari ikiwa shwari mbinu hii inadanganya, maji matulivu hayarudishi mawimbi vizuri.

Angalia na kingo. Kijani ikigeuka nyekundu ghafla ndani ya umbali mdogo, au doa lina ndoano au vidole, humo mna mtikisiko wa kuvunja ndege. Wingu la radi kali likwepe kwa maili 20 za baharini, na Dar mpaka Unguja zenyewe ni kama 40 tu, sasa utakwepea wapi? Bora usiondoke kwanza.

Picha za rada za kwenye simu soma saa yake kabla ya rangi. Nyingi zinaandikwa UTC, yani saa ya kimataifa, ongeza 3, yani 0600 ni saa tatu asubuhi ya hapa, na ikiwa imepita nusu saa ujue wingu limeshahama au limeshakua. Fungua mbili tatu zilizofuatana uone linaelekea wapi, halafu waulize mnara wa JNIA, uwanja wa ndege wa Dar, wanaona nini dirishani. Abiria akinuna kwa kuchelewa Terminal 1 mwache anune.