Ukitafuta hela zilizosahaulika serikalini, anza na majina yako ya zamani

Kama umeshaingia kwenye tovuti ya serikali ya mali zisizodaiwa ukaandika jina lako ukaona hakuna kitu, usifunge kwanza, rudia na kila jina ulilowahi kutumia: la kabla ya ndoa, lililokosewa herufi, majina yaliyogeuzwa mpangilio, hata la marehemu mzazi wako. Inafanya kazi kwa sababu benki, bima au mwajiri wa zamani wanapokabidhi serikalini hela ambazo mwenyewe hajazidai wanapeleka jina na anwani ya mwisho waliyokuwa nayo kwenye faili, na mara nyingi hawajui kama ulihama au uliolewa. Kwa hiyo tafuta pia kila sehemu uliyowahi kuishi, mfano Marekani kila jimbo lina daftari lake, Kenya ziko kwa mamlaka moja tu, UFAA (mamlaka ya serikali ya mali za kifedha zisizodaiwa).

Inapogoma: akaunti ikiwa haijakaa kimya muda unaotakiwa kisheria (kwingi ni miaka kadhaa) hela bado ziko kwa kampuni yenyewe, huko ndiko uulize. Na kama ni za marehemu, kulipata jina haitoshi, watataka cheti cha kifo na karatasi za mirathi, hapo ndo watu wengi wanakwama, so anza kuzifuatilia mapema. Kingine tafadhali, kutafuta ni bure, mtu akikupigia anataka umtumie hela kwanza ndo akuoneshe mali yako iko wapi kata simu, nenda mwenyewe kwenye tovuti rasmi.