Somo: Kuandika jaribio linalosema kilichoharibika (Python na pytest)

Mwaka jana nilikiandikia kikundi kimoja cha kuweka na kukopa programu ndogo ya kugawa faida. Majaribio yote, yaani msimbo mdogo unaokagua programu, yalipita, kijani tupu. Siku ya mgao mweka hazina akanipigia simu: "Mwanangu, daftari langu na kompyuta yako hazipatani. Shilingi moja imekwenda wapi?" Alikuwa amejumlisha kwa kalamu. Kwenye kikundi, hesabu isiyofunga huleta maneno, na mama yule ndiye angeulizwa.

Jaribio la jumla nilikuwa nimeliandika. Lilikuwepo, likapita, na halikuwa linapima kitu. Ndiyo maana somo hili linahusu zaidi mstari mmoja wa jaribio: ule wa `assert`, ambao hapa nitauita dai.

Hatua ya 1: Weka pytest (chombo cha kuendesha majaribio ya Python) na uandike funksheni

```
pip install pytest
```

Kwenye faili la `mgao.py`:

```python
def gawa(jumla, watu):
    return [jumla // watu] * watu
```

Hatua ya 2: Andika dai

Faili liite `test_mgao.py`. Jina lianze na `test_` (au liishie `_test.py`), na funksheni za ndani zianze na `test`, la sivyo pytest haitaziona.

```python
from mgao import gawa

def test_jumla_inafunga():
    assert sum(gawa(100000, 3)) == 100000
```

Andika `pytest` kwenye terminali:

```
>       assert sum(gawa(100000, 3)) == 100000
E       assert 99999 == 100000
E        +  where 99999 = sum([33333, 33333, 33333])
E        +    where [33333, 33333, 33333] = gawa(100000, 3)
```

Soma kutoka chini kwenda juu. Gawa imerudisha 33,333 mara tatu, jumla yake 99,999, nasi tulitaka 100,000. Shilingi ya mama ile hapo, hata hujafungua msimbo wenyewe. Python ikiachwa peke yake ingesema `AssertionError` na kunyamaza. Pytest huyaandika upya madai yaliyomo kwenye mafaili ya majaribio kabla ya kuyaendesha, ili kila thamani njiani ihifadhiwe na ionyeshwe dai likifeli.

Hatua ya 3: Jihadhari na dai lisilodai

Hili ndilo jaribio langu la mwaka jana:

```python
assert (sum(gawa(100000, 3)) == 100000, "jumla haifungi")
```

Tazama mabano. Nilitaka kuongeza ujumbe, nikafunga vyote viwili pamoja. Python haioni tena ulinganisho na ujumbe wake, inaona jozi ya vitu viwili, na jozi yenye vitu ndani yake siku zote ni kweli. Jaribio hili haliwezi kufeli hata gawa ikirudisha sifuri tupu. Onyo lilitokea kwenye skrini, nikalipita kwa sababu mwisho wa ukurasa ulikuwa wa kijani. Soma maonyo.

Ndugu yake ni `assert gawa(100000, 3)`. Orodha yoyote yenye kitu ndani itapita hapo.

Dawa ninayoitumia kila siku: kabla ya kuliamini jaribio, livunje kwa makusudi. Badilisha 100000 iwe 100001, endesha, hakikisha linafeli, kisha rudisha. Jaribio ambalo hujawahi kuliona jekundu usiliamini.

Hatua ya 4: Rekebisha, kisha pima hali nyingi

```python
def gawa(jumla, watu):
    if watu < 1:
        raise ValueError("watu wawe angalau mmoja")
    sehemu, baki = divmod(jumla, watu)
    return [sehemu + 1] * baki + [sehemu] * (watu - baki)
```

Usinakili jaribio mara tano. Dai moja, namba nyingi:

```python
import pytest

@pytest.mark.parametrize("jumla, watu", [(100000, 3), (100000, 7), (2, 5)])
def test_jumla_inafunga(jumla, watu):
    assert sum(gawa(jumla, watu)) == jumla
```

Hatua ya 5: Dai kwamba kosa litatokea

```python
def test_bila_watu():
    with pytest.raises(ValueError, match="angalau mmoja"):
        gawa(100000, 0)
```

Taja aina ya kosa kamili. Ukiandika `pytest.raises(Exception)`, hata ukikosea jina la funksheni jaribio litapita, maana hilo nalo ni kosa.

Maswali ya wasomaji

*Mwalimu, natumia unittest inayokuja na Python. Nihame?*

Si lazima. Pytest inaendesha majaribio ya unittest jinsi yalivyo, kwa hiyo anza kuitumia leo na uandike mapya kwa mtindo huu. Unittest imo ndani ya Python tangu toleo la 2.1, mwaka 2001, na majina yake kama `assertEqual` yamefuata mtindo wa JUnit, chombo cha majaribio cha Java.

*Kaka, sisi wa Java tunapata nini hapa?*

Wazo ni lile lile, na chimbuko liko kwenu. JUnit ilianzishwa na Kent Beck na Erich Gamma mwaka 1997, wakiwa ndegeni kutoka Zurich kwenda Atlanta. Angalia mpangilio tu: katika JUnit, `assertEquals` hutanguliza kilichotarajiwa, kisha kilichopatikana. Ukigeuza, jaribio bado hupita na kufeli inavyostahili, ila ujumbe unadanganya: utaambiwa ilitarajiwa 99999 ikapatikana 100000, na utapoteza asubuhi nzima ukitafuta kosa upande usio wake. TestNG, chombo kingine cha majaribio cha Java, nayo imepanga kinyume cha JUnit, basi anayehama kati ya hizo mbili awe macho. Mimi ningekushauri AssertJ, maktaba ya Java ya kuandikia madai: `assertThat(jumla).isEqualTo(100000)`. Hapo kila kitu kina mahali pake, huchanganyi.

*Kwa hela za desimali nimeona watu wanatumia `pytest.approx`. Ni sawa?*

Kwa vipimo kama uzito au joto, ndiyo. `0.1 + 0.2 == 0.3` katika Python si kweli, na approx, inayokubali namba zinazokaribiana, imewekwa kwa ajili hiyo. Kwa hela, dada yangu, hapana. Approx usipoiambia tofauti inayoruhusiwa husamehe sehemu moja kwa milioni ya namba unayotarajia. Kikundi chenye shilingi 10,000,000 kinaweza kupoteza shilingi 9 na jaribio likapita. Weka hela kwa namba kamili na ulinganishe kwa `==`.

*Nimehamishia madai kwenye faili la `msaada.py` ili niyatumie kote. Sasa likifeli naona AssertionError tupu. Nimekosea wapi?*

Hujakosea, mkuu. Pytest huandika upya mafaili ya majaribio, `conftest.py` (faili la mipangilio ambalo pytest hulisoma lenyewe) na programu-jalizi zake. Faili lako la kawaida haligusi. Weka hii ndani ya `conftest.py`, kabla ya mstari wowote unaoita `msaada`:

```python
import pytest

pytest.register_assert_rewrite("msaada")
```

*Mwalimu, hiyo shilingi inayobaki anapewa nani?*

Msimbo wa hatua ya 4 unawapa wa kwanza kwenye orodha, na hilo niliamua mimi, si wao. Nilipomweleza mweka hazina akakataa: baki iingie mfuko wa jamii, wote wapate sawa. Kwa hiyo funksheni yao inarudisha vitu viwili, na nimeongeza dai la pili:

```python
def test_wote_sawa():
    sehemu, baki = gawa(100000, 3)
    assert sum(sehemu) + baki == 100000
    assert len(set(sehemu)) == 1
```