Mlango unafanya nini? Kuandika sauti kwenye manukuu ya video

Ninaandika manukuu ya video za Kiswahili kwa ajili ya viziwi. Maneno ya waigizaji hayanisumbui. Kinachonitoa jasho ni yale ya kwenye mabano. Video yangu ya kwanza ilijaa [sauti ya mlango], [sauti ya gari], mpaka mtazamaji mmoja kiziwi akaniandikia: "Huo mlango unafanya nini?" Siku hizi ninafanya hivi.

Hatua ya 1: Sikiliza bila kutazama. Kusikia huja kwenyewe, kusikiliza ni kutega sikio. Funika skrini, andika kila kinachopita. Ukitazama picha utaandika unachokiona, na hicho mtazamaji anacho tayari.

Hatua ya 2: Tafuta kitenzi kwanza. Kulia ni kwa wote: mtoto, simu, honi, hata bunduki. Ila chenye kitenzi chake kipe haki yake: mbwa anabweka, jogoo anawika, simba ananguruma, nyuki wanavuma, ngoma inarindima, vidole vinaalika. Na mlango? Unagongwa, unabamizwa, au bawaba zinakwaruza? Wa kwanza una mgeni, wa pili una hasira, wa tatu huenda una mwizi. Neno "sauti" limewameza wote watatu.

Hatua ya 3: Ukitaka nomino, pima uzito na muda. Kishindo ni kizito na hutokea mara moja. Mvumo huendelea. Mnong'ono hauvuki chumba.

Hatua ya 4: Tumia tanakali za sauti, kwa kiasi. Hapa Kiswahili kimetubeba. Mtu akianguka majini ni chubwi! Mchangani, tifu! Matopeni, tapwi! Mzigo mzito, pu! Silabi moja au mbili tu, umeshajua alipoangukia au uzito wa kilichoanguka. Lakini aliyezaliwa kiziwi hana kumbukumbu ya mlio wa chubwi, kwa hiyo usiiache peke yake: [Anatumbukia kisimani, chubwi!]. Na zisikuchanganye nyeupe pe na nyeusi ti. Hizo ni za macho, mabano hayazihitaji.

Hatua ya 5: Chunguza kila "sikia". Sisi husikia harufu, husikia njaa, husikia baridi. Mhusika akisimama jikoni na kusema "Nasikia kitu", rudia kusikiliza. Kama kuna mlio, uandike kabla ya maneno yake: [Sufuria inaanguka]. Kama hakuna, basi ni pua yake, na mabano yabaki matupu.

Hatua ya 6: Andika na ukimya. Hii niliisahau kwa muda mrefu. Muziki ukikatika ghafla na watu wakanyamaza ji, weka [Kimya]. Usipoweka, mtazamaji atadhani manukuu yamekwama, aanze kubonyezabonyeza simu wakati mwenye nyumba ndiyo kwanza anamkodolea macho mkewe.