Kukinga kutu chini ya gari mwenyewe, nyumbani, kwa hali ya hewa ya Dar

Kwa gari dogo kama IST, Vitz, Raum au Probox, tenga kama wiki moja. Kupaka kwenyewe ni saa chache tu za mwisho. Muda unakwenda kwenye kuosha, kukwangua na kusubiri chuma kikauke. Anayekuahidi kuimaliza kazi hii kati ya asubuhi na mchana anakuuzia weusi tu, kinga hamna.

Adui mkubwa hapa ni chumvi. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji ya hewani na kuyeyuka unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75, na usiku wa Dar unavuka hapo mara nyingi hata kama tone la mvua halijadondoka. Gari linalolala Msasani, Kunduchi au Kigamboni hupata chumvi kwa upepo wa bahari. Kisha kuna magari yaliyotumika kaskazini mwa Japani, Hokkaido na Tohoku, ambako barabara humwagiwa kloridi ya kalsiamu kuyeyusha theluji. Hiyo hunyonya maji hata hewa ikiwa kavu, kwa hiyo ikishajificha kwenye maungio ya bodi, kwetu haikauki mwaka mzima. Ukipaka rangi juu ya chumvi, maji hupenya rangi taratibu kuifuata, rangi inatoka malengelenge, na kutu inaendelea kula chini yake bila wewe kuiona.

Wakati wa kufanya

Juni hadi Septemba ndiyo miezi mizuri. Januari na Februari pia inafaa, ila joto litakausha rangi haraka na utatoka jasho. Masika achana nayo. Siku ya kupaka anza saa nne asubuhi, umande ukishaondoka, na uache saa kumi jioni. Kipimo rahisi: pangusa chuma kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Alama ya maji ikipotea ndani ya dakika 15, paka. Ikibaki, ngoja.

Vifaa

Vingi utavipata kwenye maduka ya Gerezani, Kariakoo, au duka lolote kubwa la vifaa vya ujenzi na rangi za magari.

- Jeki ya magurudumu, stendi nne za tani 3 kila moja, na vipande vinne vya mbao ngumu, unene wa inchi 2
- Grenda ya inchi 4½ yenye brashi ya waya, brashi ya waya ya mkono, msasa namba 80 na 120
- Mashine ya kuoshea kwa presha, ya kuazima au kukodi
- Dawa ya kubadilisha kutu, nusu lita hadi lita 1
- Rangi ya msingi ya kuzuia kutu, lita 1. Ile nyekundu ya red oksaidi inatosha. Epoksi ya makopo mawili ni bora zaidi kwenye chuma kitupu
- Rangi nzito ya chini ya gari, ya mpira au ya lami, lita 3
- Nta ya kupuliza ndani ya boksi (chuma chenye uwazi ndani kinachopita chini ya milango), lita 1 hadi 1½, yenye mrija mrefu
- Thina, tepu ya karatasi ya wapaka rangi, mifuko ya nailoni, glavu, miwani ya kufunika macho yote, barakoa ya mvuke wa rangi

Gari la ukubwa wa Noah, ongeza nusu ya kila rangi.

Oili chafu ya injini, inayopigwa na mafundi wengi mitaani, haimo kwenye orodha kwa makusudi. Kwa wiki chache chuma kinang'aa, ndiyo. Lakini oili hiyo ina asidi na uchafu wa injini, inavimbisha na kulainisha bushi za mpira, inashika vumbi, na mvua mbili tatu zinaishusha yote kwenye mtaro wa jirani.

1. Inua gari

Ua wa mchanga au wa tofali za kupanga unadidimia. Weka kila stendi juu ya kipande cha mbao, zuia matairi kwa mawe kabla ya kuinua, na uweke stendi sehemu zilizoandaliwa na kiwanda kwa jeki. Vua matairi yote, uyasukume chini ya boksi za milango. Kisha sukuma gari kwa bega. Likitikisika, shusha upange upya. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata kwa kuokota bisibisi.

Fungua plastiki za ndani ya madigadi na vifuniko vya chini. Klipu zitakatika, nunua kumi za akiba.

2. Gonga kabla ya kuosha

Usidanganywe na weusi unaong'aa. Japani magari hupigwa rangi nyeusi ya chasisi juu kwa juu, mara nyingi bila kuondoa kutu iliyo chini. Chukua nyundo ndogo na bisibisi ya zamani, gonga boksi za chini ya milango, sehemu za jeki, vikombe vya springi, boriti ya ekseli ya nyuma, mahali ambapo mikono ya matairi inashikiliwa, na ukingo wa madigadi. Chuma kizima kinalia kama kengele. Kilicholiwa mlio wake ni mfu.

Bisibisi ikizama kwenye boriti, kwenye mshikio wa mikono ya matairi au karibu na bolti ya mkanda wa kiti, simama hapo. Gari linahitaji fundi wa kuchomelea akate chuma kibovu na kuweka kipya. Puti na faiba hazibebi uzito. Kuchomelea kufanyike kabla ya nta, kwani nta inawaka.

Kagua pia paipu za breki. Zikiwa na vishimo, badilisha. Kuzipaka rangi ni kuficha ajali.

3. Osha, na angalia maji unayotumia

Hapa ndipo kazi nyingi za nyumbani zinaharibikia. Visima vingi vya Kigamboni, Mbezi Beach na maeneo mengine ya karibu na bahari vina maji ya chumvi. Ukiosha kwa maji hayo unaongeza kile unachokiondoa. Onja tone moja kabla ya kuanza. Kama yana chumvi, yatumie kutoa tope tu, kisha suuza kwa maji ya bomba ya DAWASA au ya mvua. Mashine ya kawaida inakula lita 6 hadi 8 kwa dakika, kwa hiyo suuza ya dakika 20 inataka kama lita 150. Simtanki dogo linatosha.

Anza na maji, fuata na sabuni ya kuondoa grisi kwa brashi, acha dakika kumi, suuza. Elekeza maji ndani ya madigadi, juu ya tanki la mafuta na kwenye kila mkunjo wa bati. Usipige presha karibu kwenye plagi za waya, sensa au raba za jointi za shafti.

Matundu ya kutolea maji chini ya boksi na milango yazibue kwa waya wa kufungia nondo. Ingiza mpira wa maji ndani ya boksi hadi maji yanayotoka yawe meupe. Mchanga utakaomwagika hapo unaweza kukushangaza.

Acha likauke siku mbili nzima. Feni ya nyumbani ikipuliza chini inasaidia kuliko jua, kwa kuwa jua halifiki huko.

4. Kwangua

Toa kutu inayobanduka na rangi yote iliyolegea. Rangi ya kiwanda iliyoshika vizuri iache, isugue tu kwa msasa namba 120 ipoteze mng'ao.

Brashi ya waya ya grenda ina ujanja mbaya: ikikaa muda mrefu mahali pamoja inang'arisha kutu hadi ifanane na chuma, na rangi haishiki hapo. Maliza kwa msasa namba 80. Hakikisha pia brashi imeandikwa kasi isiyopungua ile ya grenda, maana nyaya zake huruka kama sindano. Karibu na paipu za mafuta na breki tumia mkono tu.

Acha chuma kitupu usiku mmoja. Asubuhi ukikuta vidoti vyeusi vyenye majimaji, chumvi bado ipo kwenye vishimo. Rudia suuza na kausha tena. Utando mwepesi wa rangi ya chungwa uliosambaa sawasawa si tatizo, msasa unautoa.

5. Dawa ya kutu

Paka kwenye kutu iliyobaki ndani ya vishimo tu. Tanini au asidi ya fosforasi iliyomo hugeuza kutu kuwa nyeusi na kuituliza. Kwenye chuma safi haina kazi, na kwenye kutu nene inaishia juu. Mpe saa 24. Ya asidi ikiacha unga mweupe, pangusa kwa kitambaa chenye maji, ukaushe. Juu yake weka red oksaidi. Epoksi iweke kwenye chuma kilichosafishwa kabisa, si juu ya mabaki ya asidi.

6. Funika

Funika kwa nailoni na tepu: ekzosi na mabati yake ya joto, diski, kalipa, ngoma za breki, shafti na raba zake, bushi, shokapu, sensa, waya wa handibreki, giaboksi, kipumulio cha tanki na rejeta. Matundu ya maji yazibe kwa vijiti vya mbao utakavyovitoa baadaye. Bolti za kurekebishia alaimenti zipake grisi, zisipigwe rangi.

7. Rangi ya msingi, kisha nzito

Pangusa kwa thina, subiri ipotee. Paka mikono miwili myembamba ya rangi ya msingi, ukianza na maungio na kingo kwa brashi. Epoksi ipime kwa kikombe kama kopo linavyosema. Kukisia kwa macho kunaiacha ikinata wiki nzima. Red oksaidi mpe saa 24 kabla ya rangi nzito. Ukiharakisha, kimiminika cha rangi ya juu kinaikunja ya chini kama ngozi.

Rangi nzito piga kwa bunduki yake, presha ya psi 60 hadi 70, umbali wa sentimita 25 au 30. Brashi ya inchi 2 pia inafaa, ni uchovu tu. Mikono miwili, ya pili baada ya saa chache. Usipige nene kwa mara moja: juu inakauka, ndani inabaki laini, kisha inapasuka na kushika maji. Kwa sababu hiyohiyo, rangi ya mpira ni bora kuliko ya lami, ambayo huwa ngumu na kupasuka kadiri inavyozeeka.

8. Nta ndani ya boksi

Boksi huoza kutoka ndani. Toa vijiti kwenye matundu, ingiza mrija hadi mwisho, puliza huku ukiuvuta polepole, hadi nta idondoke kwenye matundu. Fanya hivyo pia chini ya milango na nyuma ya taa. Itadondoka siku nzima, tandika maboksi. Baada ya saa moja zibua matundu tena.

Toa nailoni zote, kanyaga breki mara kadhaa, na rudisha plastiki siku inayofuata. Moshi kidogo kwenye ekzosi safari ya kwanza ni matone yaliyopenya. Ukiendelea baada ya nusu saa, tafuta rangi ilipogusa. Nati za matairi zikaze tena baada ya kilomita 50. Baada ya wiki mbili angalia madigadi ya nyuma, ndiyo yanayopigwa na mawe, na uguse palipobanduka. Nta rudia kila mwaka kabla ya masika. Anayevuka Kigamboni kwa pantoni kila siku asuuze chini kwa maji yasiyo na chumvi mara moja kwa wiki. Thina chafu na vitambaa vyake weka kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na jiko.